Kwa Nini Warithi Wanahitaji Ishirini na Nne

Mtoto wa shule ya msingi akiandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5, mwalimu humtia kosa kwa wino mwekundu na somo likaendelea. Jibu hilo linastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, kwa hiyo aliyekuwa na nusu ya andazi, akaongezewa theluthi ya andazi, amejikuta na pungufu ya kile alichoanza nacho. Hilo haliwezekani, na mtoto mwenyewe akioneshwa andazi hatakubali. Lakini ipo hesabu ambayo jibu lake ni sahihi kabisa. Mchezaji aliyepiga penalti 2 akafunga 1, na mechi nyingine akapiga 3 akafunga 1, kwa jumla amefunga 2 kati ya 5. Tofauti ni kwamba kwenye penalti tunachanganya makundi mawili tofauti na kupata kundi kubwa zaidi, ilhali kwenye andazi kitu kizima ni kimoja, na vipande vyote viwili vinapimwa kwa hicho kimoja. Mtoto huyo hajafanya uzembe. Amejibu swali ambalo hakuulizwa, na kumwambia tu kwamba "tafuta KDS kwanza" ni kumpa amri bila sababu.

Sababu yenyewe haina fumbo. Katika sehemu, namba ya chini, yaani asili, inataja ukubwa wa kipande. Namba ya juu, yaani kiasi, inahesabu vipande vyenyewe. Vipande vya ukubwa mbalimbali havihesabiki pamoja mpaka vyote vikatwe upya kwa kipimo kimoja. Nusu na theluthi zinakatika sawasawa katika sudusi: nusu ni sudusi 3, theluthi ni sudusi 2, jumla sudusi 5. Namba 6 hapa ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 2 na 3, kwa maana kwamba ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili bila kubakiza. Ninachokitetea katika sura hii ni kwamba kutafuta asili ya pamoja ni kukubaliana juu ya kipimo kabla ya kugawana, na kwamba kujitahidi kuipata iliyo ndogo kuliko zote ni jambo la haki baina ya watu kama lilivyo jambo la hesabu. Ushahidi nitautoa mahali ambapo sehemu hazijawahi kuwa zoezi la daftari tu, nako ni kwenye mirathi.

Kabla ya kufika huko, tutambue kwamba haja hii ni ya kale sana. Mafunjo yanayojulikana kwa jina la Rhind, ambayo mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes aliyanakili karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo na ambayo leo yamo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, yanafungua masuala yake ya mwanzo kwa kugawa mikate kwa watu 10. Wamisri walipenda kuandika sehemu zenye kiasi 1 tu, isipokuwa 2/3, kwa hiyo mikate 9 kwa watu 10 iliandikwa kama 2/3 na 1/5 na 1/30 kwa kila mtu. Ukitaka kuhakiki, geuza zote ziwe katika 30: 20, na 6, na 1, jumla 27. Na 27/30 ndiyo 9/10. Katika hesabu za namna hii waandishi wa Misri walikuwa wakiweka namba za msaada kwa wino mwekundu, na kazi ya namba hizo ilikuwa ni hiyohiyo ya kuvileta vipande vyote kwenye kipimo kimoja ili vihesabike. Karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, huko Aleksandria, Euclid alilipa jambo hili uthibitisho wake. Katika kitabu cha saba cha Elements anaonesha namna ya kupata kigawe kidogo cha namba mbili, kisha cha namba tatu, na kauli ya 39, ambayo ndiyo ya mwisho katika kitabu hicho, inahusu kutafuta namba ndogo kuliko zote yenye sehemu fulani zilizotajwa. Ukimtajia nusu, theluthi na robo, atakupa 12.

Swali hilo la Euclid ndilo linalomkabili kila anayegawa mali ya marehemu kwa sheria ya Kiislamu, iwe mbele ya kadhi wa Zanzibar au wa Mombasa. Mafungu yaliyotajwa katika Kurani, hasa katika aya ya 11, ya 12 na ya 176 za sura ya nne, ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi moja na sudusi. Mjane ambaye mumewe ameacha mtoto hupata 1/8. Asipoacha mtoto, mjane hupata 1/4. Mume hupata 1/4 mkewe akiacha mtoto, na 1/2 asipoacha. Mama na baba hupata 1/6 kila mmoja palipo na mtoto wa kiume. Wanazuoni wa elimu ya faraidhi, yaani elimu ya mirathi, walipoyapanga mafungu haya kulingana na warithi wanaoweza kukutana, waliona kwamba katika masuala ya kawaida asili ya hesabu haiwezi kuwa namba nyingine ila 2, 3, 4, 6, 8, 12 au 24. Kila moja ni kigawe kidogo cha shirika cha mafungu yanayokutana. Robo ikikutana na sudusi au theluthi, asili ni 12. Thumuni ikikutana na sudusi au theluthi mbili, asili ni 24. Si jambo la kubahatisha kwamba Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad zama za khalifa Al-Ma'mun, mwanzoni mwa karne ya 9, aliijaza sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra masuala ya wasia na mirathi. Elimu hiyo ilikuwa na kazi ya kufanya mjini.

Tuichukue familia moja ya mfano. Mwanamume amefariki, ameacha mjane, mama, baba, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na shilingi 14,400,000 baada ya mazishi na madeni. Mjane ana 1/8, mama 1/6, baba 1/6. KDS ya 8 na 6 ni 24, kwa hiyo mjane ana fungu 3, mama 4, baba 4. Zimekwenda 11, zimebaki 13, nazo ni za watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Hapo hesabu inakwama kidogo, kwa kuwa watoto wanahesabiwa kama vichwa vitatu, na 13 haigawanyiki kwa 3. Dawa ni kuizidisha asili yote kwa 3. Asili sasa ni 72: mjane 9, mama 12, baba 12, mtoto wa kiume 26, wa kike 13. Jumlisha, utapata 72 kamili, hakuna kilichozidi wala kilichopotea. Kila fungu moja ni shilingi 200,000, basi mjane anachukua 1,800,000, wazee 2,400,000 kila mmoja, kijana 5,200,000 na binti 2,600,000. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuihakiki hesabu hii kwa kokwa 72 zilizomwagwa juu ya mkeka, na huo ndio uzuri wake mkubwa.

Namna ya kuipata asili nayo ilifundishwa kwa utaratibu unaopendeza. Wanafaraidhi wanazitazama namba mbili na kuuliza zina uhusiano gani kati ya aina nne. Zikilingana, huo ni tamathuli, na inatosha kuchukua moja. Moja ikiingia ndani ya nyingine kamili, kama 3 na 6, huo ni tadakhuli, na inachukuliwa kubwa. Zikiwa na kigawo cha pamoja bila moja kuingia katika nyingine, kama 8 na 6 zinavyoshirikiana 2, huo ni tawafuki: nusu ya moja inazidishwa kwa nyingine nzima, 4 mara 6, na jibu ni 24. Zisipokuwa na kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kama 3 na 8, huo ni tabayuni, na hapo tu ndipo zinazidishwa zote mbili kama zilivyo. Hakuna hali ya tano. Mwanafunzi aliyezielewa hali hizi nne amekwisha kujua yote yanayohitajika kuhusu KDS ya namba mbili, na kwa maoni yangu amejifunza vizuri zaidi kuliko yule aliyekaririshwa kuchora ngazi ya namba tasa bila kuambiwa anatafuta nini.

Ngazi hiyo ya namba tasa, inayofundishwa katika shule zetu za msingi, si mbaya. Kwa 12 na 18 inafanya kazi upesi: 12 ni 2 × 2 × 3, 18 ni 2 × 3 × 3, unachukua kila namba tasa kwa wingi wake mkubwa zaidi, unapata 36. Udhaifu wake unaonekana namba zinapokuwa ngumu kuvunjika. Chukua 391 na 299. Ni wangapi watakaotambua kwa kutazama kwamba 391 ni 17 × 23? Njia ya Euclid haihitaji kuvunja chochote. Toa 299 katika 391, inabaki 92. Gawa 299 kwa 92, inaingia mara 3 na kubakiza 23. Gawa 92 kwa 23, inaingia mara 4 bila baki. Kwa hiyo 23 ndiyo Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS). Sasa gawa 391 kwa 23, upate 17, kisha zidisha 17 kwa 299, upate 5,083. Hatua tatu za kugawanya na moja ya kuzidisha. Kanuni iliyo nyuma yake ni kwamba KKS ikizidishwa kwa KDS hutoa sawasawa zao la namba mbili zenyewe, na ndiyo hiyohiyo iliyomo ndani ya tawafuki. Ningependa kuiona ikifundishwa mapema zaidi, tena kwa namba ambazo macho hayawezi kuzivunja, ili mtoto aone faida yake badala ya kuambiwa.

Hapa kuna pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa. Kwa nini kuhangaika na iliyo ndogo? Ukizidisha asili zote, unapata asili ya pamoja siku zote: 8 mara 6 ni 48, mjane ana 6, wazee 8 na 8, na hakuna aliyedhulumiwa. Aidha, kwa kuwa asili zote saba za faraidhi zinaingia ndani ya 24, mtu angeweza kutumia 24 kila mara na kuyasahau mengine. Ni kweli. Kigawe chochote cha shirika kinatoa jibu sahihi, na mwalimu anayemnyima alama mwanafunzi aliyetumia 48 badala ya 24, akarahisisha mwishoni na kufika palepale, anamwonea. Nguvu ya pingamizi hili inaishia pale mali inapokaa bila kugawanywa.

Na mali hukaa. Nyumba ya urithi huachwa na watu wakaishi humo, shamba la minazi likaendelea kuvunwa, na kabla ya kugawana mrithi mmoja naye akafariki. Turudi kwa familia yetu, tuseme badala ya fedha kulikuwa na nyumba, na baba wa marehemu, yaani babu wa watoto wale, amefariki pia. Hana mtoto mwingine aliye hai, wala wazazi. Fungu lake la 12 katika 72 linaenda kwa mkewe, 1/8, na linalobaki kwa wajukuu wake wawili, wa kiume mara mbili ya wa kike. Asili ya mirathi hii ya pili ni 24: mke 3, mjukuu wa kiume 14, wa kike 7. Anayezidisha bila kutazama atasema 72 mara 24, na nyumba itakuwa na mafungu 1,728. Anayetazama ataona kwamba babu alikuwa na 12, na 12 inaingia ndani ya 24 mara 2, kwa hiyo inatosha kuizidisha 72 kwa 2. Nyumba ina mafungu 144: mjane 18, bibi 24 zake na 3 za mumewe, yaani 27, kijana 52 na 14, yaani 66, binti 26 na 7, yaani 33. Jumla 144. Namba 1,728 haina kosa, ila ni kubwa mara 12 kuliko inavyohitajika, na hilo ni kwa kifo kimoja tu. Vifo vikiwa vitatu au vinne, asili iliyozidishwa ovyo hufika maelfu kwa maelfu, na hapo ni karani peke yake anayeweza kuisoma. Warithi wanabaki kumwamini. Asili ndogo inawaachia uwezo wa kuhakiki wenyewe, na mtu anayeweza kuhakiki fungu lake ni vigumu kumpunja. Ndiyo sababu nasema udogo wa asili ni jambo la haki.

Pingamizi la pili ni la zama zetu: kikokotoo na simu vinatoa desimali, na desimali hazihitaji asili ya pamoja. Lakini desimali nazo zina asili, nayo ni 10, au 100, au 1,000, iliyochaguliwa kabla ya kujua tunagawana nini. Namba 3 haiingii ndani ya yoyote kati ya hizo. Theluthi ya shilingi 100,000 ni 33,333.33, na ukiirudisha mara tatu unapata 99,999.99. Senti moja haimuumizi mtu, na kwa fedha taslimu sina ugomvi na anayekadiria. Kwa nyumba au ardhi mambo ni mengine, kwa sababu hati inayosema mrithi ana asilimia 18.06 ya nyumba imeandika namba ambayo si fungu lake. Fungu la binti yule, kabla ya kifo cha babu, ni 13/72, na namba yoyote fupi ya desimali itakayowekwa mahali pake ni ya kukadiria tu. Programu za kugawa mirathi zipo, na zilizotengenezwa vizuri hufanya kazi kwa sehemu na asili kama walivyofanya wanazuoni. Kuzitumia hakuna ubaya, mradi familia ioneshwe asili na mafungu, si matokeo ya mwisho peke yake.

Ipo faida nyingine ya asili ya pamoja ambayo naiona kubwa kuliko zote, nayo ni kufichua upungufu. Mwanamume amefariki akaacha mjane, mabinti wawili, baba na mama. Mjane 1/8, mabinti 2/3, baba 1/6, mama 1/6. Ukiyatazama mafungu haya yakiwa na asili zake mbalimbali, huoni tatizo. Yalete kwenye 24: mjane 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla 27. Mafungu yanadai 27 kutoka kwenye mali yenye 24. Suala hili linaitwa Mimbariya, kwa kuwa imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa akiwa juu ya mimbari akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mjane imekuwa sehemu moja ya tisa. Ndivyo inavyokuwa mali ikigawanywa kwa 27, kwani 3/27 ni 1/9. Kila mmoja anapungukiwa kwa uwiano uleule. Mali ikiwa shilingi 5,400,000, mjane anapata 600,000 badala ya 675,000, wazee 800,000 kila mmoja, na mabinti 1,600,000 kila mmoja. Kupandisha asili namna hii ndiko kunakoitwa auli, na wanafaraidhi wamekwisha orodhesha inapoweza kufika: 6 hupanda hadi 7, 8, 9 au 10, 12 hupanda hadi 13, 15 au 17, 24 hupanda hadi 27 tu.

Mtu anaweza kuuliza, na wapo waliouliza tangu mwanzo, kama ni halali kwa hesabu kubadilisha fungu lililotajwa. Ibn Abbas hakuikubali auli, na mafakihi wa Kishia mpaka leo hawaikubali. Kwao upungufu unabebwa na warithi maalumu, wakiwemo mabinti, si na wote. Madhehebu manne ya Kisunni yameshika uamuzi unaonasibishwa na zama za khalifa Umar, kwamba wote wapungukiwe kwa uwiano. Hesabu haiwezi kuamua kati ya rai hizi mbili, wala haidai kuamua. Inachofanya ni kuonesha wazi kwamba pengo lipo na kwamba ukubwa wake ni 3 katika 24, ili wanaotofautiana watofautiane juu ya jambo linaloonekana. Bila asili ya pamoja kila mrithi angeshika fungu lake akiamini limo ndani ya mali, na wa mwisho kufika angekuta hakuna kitu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa walimu: somo la KDS lianze na mali ya kugawana na watu wanaoidai, na 144 ifike ubaoni pamoja na 1,728 ili wanafunzi wachague wenyewe. Na kwa msomaji ambaye familia yake ina nyumba au shamba la urithi ambalo halijagawanywa: omba kuoneshwa asili ya hesabu, ijumlishe mwenyewe safu ya mafungu, na usitie saini mpaka jumla ilingane na asili hiyo, au uelezwe kwa maandishi kwa nini haikulingana.